Vijana wa Kibera na Ukimwi: Nani Asemaye Nao?

Litajwapo jina la Lindi, mtu wa pwani hukumbuka mji wa bandari ulio kusini mwa Tanzania, penye minazi na mikorosho. Lakini iko Lindi nyingine, nayo haina bahari. Hiyo ni kimoja cha vijiji vya Kibera mjini Nairobi, katika lile eneo la nyumba za udongo na mabati linalopitiwa na reli iendayo Kisumu.

Ndugu msomaji, Lindi hii nayo yatuhusu, kwani msingi wa Kibera uliwekwa na Waislamu. Askari wa Kinubi waliotoka Sudan, walioitumikia serikali ya Kiingereza katika jeshi la King's African Rifles, ndio waliokaa hapo mwanzoni mwa karne ya ishirini wakapaita kibra, maana yake msitu. Wajukuu na vitukuu vyao wangali hapo na misikiti yao ingali hapo. Hata hati ya pamoja ya ekari 288 walizopewa na serikali ya Kenya waliipata mnamo 2017 tu, baada ya babu zao kukaa juu ya ardhi hiyo kwa miaka zaidi ya mia bila ya karatasi. Siku hizi Wanubi ni wachache katikati ya Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengineo. Kawangware nako, upande wa magharibi wa mji, kando ya majumba ya kifahari ya Lavington, hali ni iyo hiyo: makabila yote, dini zote, na aghalabu chumba kimoja kwa familia nzima, pazia likitenga kitanda cha wazazi na mkeka wa watoto.

Kwa muda wa miaka ishirini na ushei, mitaa hiyo miwili imekuwa kama uwanja wa mafundisho ya kuwakinga vijana na Ukimwi. Makanisa yamefundisha, misikiti imefundisha, vyama vya vijana vimecheza ngoma na maigizo njiani, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa imeendeshwa kwa fedha za kigeni. Sasa fedha hizo zimetikisika. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID, lililokuwa likipitisha sehemu kubwa ya misaada hiyo, likafunga shughuli zake. Wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walirudi majumbani. Basi swali linalobaki ni hili: mfadhili akishaondoka, nani asemaye na kijana wa Lindi juu ya maradhi haya, na atamwambia nini?

Jibu la haraka ni kwamba wamebaki wale waliokuwapo kabla ya mfadhili kuja, nao ni maimamu, mapadri, walimu wa madrasa, mashangazi na mabibi. Nakubaliana na jibu hilo. Lakini nasema pia kwamba wengi wa hao, hasa upande wetu, wamejifunza kunyamaza wakidhani kunyamaza ndiyo haya. Hapo ndipo penye kazi.

YALIYOPITA

Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alijulikana mwaka 1984. Ilichukua miaka kumi na mitano, hadi Novemba 1999, kwa Rais Daniel arap Moi kutangaza kwamba maradhi hayo ni janga la taifa. Katika miaka hiyo ya katikati watu walizikwa wengi na sababu ikaandikwa malaria, kifua kikuu, au haikuandikwa kabisa. Na katika miaka iyo hiyo viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, walisimama pamoja (jambo lisilotokea mara nyingi) kupinga vijana kufundishwa elimu ya jinsia shuleni. Katikati ya miaka ya 1990 Kadinali Maurice Otunga aliongoza shughuli ya hadhara mjini Nairobi ya kuchoma kondomu pamoja na vijitabu vya mafundisho hayo.

Si haki kuwacheka wazee wale. Vijitabu vingi vya wakati huo vilikuja vimeandikwa kwa ulimi ambao baba hawezi kuusoma mbele ya binti yake, na aliyeandika hakujua mila wala dini ya atakayesoma. Walichokosa si hamaki yao. Walichokosa ni kwamba, baada ya kuchoma kile kijitabu, hawakuandika chao.

Halafu upepo ukageuka. Mwaka 2003 Rais George W. Bush alitangaza mpango mkubwa wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, na baraza la nchi hiyo likaweka sharti kwamba theluthi moja ya fedha za kinga itumike kufundisha watu kujizuia mpaka ndoa. Mara moja watu wa dini wakawa ndio wanaotafutwa. Nchini Kenya ikaja ile kampeni ya Nimechill, vijana wadogo wakinyanyua vidole viwili kuonyesha kwamba wao wametulia na wanangoja. Kibera na Kawangware zikajaa semina, fulana, soda na vyeti. Kila kijana akajua herufi tatu, A, B na C, yaani kujizuia, kuwa mwaminifu, au kutumia kondomu, akazisoma kwa ghibu kama mtoto asomavyo alifu na be.

Yako mema yaliyotoka humo, nami siyakatai. Wako waliongoja kweli, na wako waliopima kwa sababu ya semina ile. Ila neno kujizuia ni neno la mtu mwenye hiari, na katika mitaa hii si kila mtu anayo hiari hiyo. Chama cha wasichana cha Binti Pamoja, kilichoanzishwa Kibera mwaka 2002, hakikuanza kwa kuwahubiria wasichana. Kiliwapa kamera wapige picha maisha yao wenyewe, wakaandika na kuigiza, na ndipo yakatoka yale yasiyosemwa, mambo ya kunajisiwa na kupigwa na shida za nyumbani. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa juu ya wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, Kibera ikiwamo, ikaeleza jinsi mwanamke anayetoka usiku kwenda chooni anavyohatarisha maisha na heshima yake, kwa kuwa choo kiko mbali na njia ni giza.

Sasa mfikirie msichana wa miaka kumi na mitano aliyekamatwa katika njia hiyo ya chooni. Akifika darasani asubuhi, mwalimu anamweleza ubaya wa zinaa. Yeye hakuzini, alidhulumiwa. Somo lote linapita juu ya kichwa chake, na zaidi ya hapo linamwachia aibu ya kosa la mtu mwingine. Alichohitaji kusikia ni jambo moja dogo: kwamba zipo dawa za kuzuia virusi visishike mwilini, kwamba ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Ni walimu wangapi wa madrasa wanaolijua jambo hilo? Nawauliza bila ya kejeli, kwani halimo katika vitabu walivyosomeshwa, na pengine hakuna aliyewahi kwenda kuwaambia.

SI YA NAIROBI TU

Kuna msomaji atakayesema: hayo ni mambo ya mji mkuu na mchanganyiko wake, sisi pwani tunalindwa na dini yetu. Kauli hiyo nimeisikia barazani mara nyingi, nayo ina ukweli ndani yake. Kuharimishwa ulevi, kutahiriwa kwa watoto wa kiume na kuhimizwa ndoa ni mambo yaliyosaidia jamii nyingi za Waislamu. Uchunguzi uliofanywa Kisumu kwa maelfu ya vijana, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba mwanamume aliyetahiriwa hatari yake ya kuambukizwa na mwanamke hupungua kwa kiasi cha asilimia 60. Lakini asilimia 60 si mia. Na pungufu hilo ni lake mwanamume. Mkewe hakutahiriwa.

Tutazame hesabu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007 ulikuta kwamba katika mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao karibu watu wake wote ni Waislamu, wenye virusi hawakufika hata mtu mmoja katika mia. Katika mkoa wa Pwani walikuwa kiasi cha wanane katika mia. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 5.6 mjini Mombasa na asilimia 3.8 Nairobi. Pwani ina watu wa kila namna, na tarakimu hizo hazisemi nani ana dini gani. Hata hivyo, anayesema kwamba ukuta upo ni lazima atueleze mbona Mombasa imeipita Nairobi yenye Kibera na Kawangware ndani yake. Na katika Kenya nzima, uchunguzi huo wa 2018 ulikuta wanawake ni asilimia 6.6 na wanaume asilimia 3.1, yaani mwanamke amebeba mzigo mara mbili.

Isitoshe, pwani tunayo njia nyingine ya maambukizo ambayo hotuba za kukataza zinaa haziigusi kabisa, nayo ni sindano ya heroini. Malindi na Mombasa zimezika vijana wengi, watoto wa watu wa swala, waliochomana sindano moja. Mwaka 2015 ndipo kliniki ya kuwapa methadoni ilipofunguliwa Malindi. Kabla ya hapo, ulipoanza mpango wa kugawa sindano safi, baadhi ya viongozi wa dini waliupinga, wakisema ni kuwasaidia walevi kulewa. Tuliache hilo, ni makala peke yake.

HAYA NA ELIMU

Nimesema kwamba tumejifunza kunyamaza. Nakusudia kwamba hatukuzaliwa nako. Ukiuchunguza utamaduni wa pwani utaona kwamba haukuwa na bubu katika mambo ya mwili. Mwari alikuwa na somo wake au kungwi wake, na huyo alimweleza kila kitu waziwazi, bila ya kuficha jina la kiungo wala tendo. Mvulana naye alikuwa na wazee wake wa jando. Mwana Kupona binti Mshamu, mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi mzima wa kumfunza jinsi ya kuishi na mume. Yaliyomo mengine wasichana wa leo hawayakubali, na wana haki yao, lakini angalia ile nia: mama anaona kifo kinakuja, naye hataki mwanawe abaki hajui.

Haya ya pwani, basi, ilikuwa ni kanuni ya nani aseme, na nani, wapi, na kwa lugha gani. Baba hakusema na binti. Mama mzazi pia aghalabu hakusema. Lakini alikuwapo aliyewekwa kusema, na jamii ilijua kwamba amekwisha sema. Lililotokea ni kwamba tumeiweka ile sehemu ya kunyamaza tukamfukuza yule msemaji. Kungwi amezeeka, somo amebaki jina katika harusi, na kule Nairobi shangazi yuko mbali, yuko Mombasa au yuko Busia. Kijana wa Lindi anayelala nyuma ya pazia hakubaki hajui. Ameshasikia, na katika simu ya mkononi ameshaona. Simu ndiyo kungwi wake sasa, nayo haina haya hata kidogo.

Chuoni nako mambo si kama yanavyodhaniwa. Mtoto anayesomeshwa Safinatun-Najaa, kile kitabu kidogo cha fikihi ya Kishafii ambacho vizazi na vizazi vya pwani vimeanzia hapo, hufundishwa akiwa bado mdogo mambo yanayowajibisha kuoga: janaba, hedhi, nifasi. Hufundishwa dalili za kubaleghe. Mwalimu hutaja bila ya kucheka na bila ya kuona haya, na mtoto husikiliza kwa adabu, kwani hiyo ni elimu ya ibada. Yaani lugha ipo tayari, na imeshatakaswa kwa kutumiwa msikitini. Kutoka katika mlango wa janaba kwenda katika somo la maradhi yanayopita njia hiyo hiyo ni hatua moja tu. Nashangaa kwamba tunafuata vijitabu vya ng'ambo, tunavikasirikia, na hali tunacho kitabu kilichotufungulia mlango.

Na asiyeridhika na hoja yangu aiangalie sira. Ummu Sulaym alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwuliza mbele ya watu iwapo mwanamke naye humlazimu kuoga anapoota ndoto ya usiku. Alijibiwa, hakufukuzwa. Na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Habari hizo zimo katika vitabu sahihi vya hadithi na kila mwalimu amezisoma.

Wazazi wana hofu moja, na ni hofu ya kweli: kwamba ukimfunza kijana umemfungua macho, ataenda kujaribu. Hofu hiyo imechunguzwa katika nchi nyingi. Shirika la UNESCO lilikusanya matokeo ya uchunguzi huo na kuyachapisha mwaka 2009, kisha tena 2018, nayo hayakuonyesha kwamba mafundisho kamili huwaharakisha vijana kuanza. Mzazi asiyeamini karatasi za UNESCO na ajiulize jambo jepesi zaidi: hao vijana waliopata mimba mtaani kwake, ni wale waliofunzwa sana au wale ambao hakuna aliyewaambia neno?

WENZETU WA UGANDA

Tusijifanye kwamba jambo hili halijafanywa na Waislamu. Mwaka 1988 madaktari wa Kiislamu wa Uganda waliunda chama chao, na mwaka uliofuata wakawakutanisha viongozi wa dini kutoka nchi nzima. Katika mkutano huo wa 1989 Mufti wa Uganda alitangaza jihadi juu ya Ukimwi. Wakati huo Uganda ilikuwa ikiteketea. Mwaka 1992 chama hicho, miongoni mwa viongozi wake akiwa Dakta Magid Kagimu wa Kampala, kikaanza kazi ya kuwafunza maimamu katika wilaya ya Mpigi. Imamu alipewa elimu ya maradhi pamoja na aya na hadithi zinazohusika, akapewa wasaidizi, wanaume kwa wanawake, wakawa wanazuru nyumba kwa nyumba. Mwaka 1995 wakaingia katika madrasa, wakawafunza walimu wa watoto.

Kilichonivutia zaidi katika habari za Uganda ni yale ambayo mgeni asingeyaona kamwe. Madaktari wale walitambua kwamba katika jamii yao zilikuwapo hatari mbili za Waislamu wenyewe. Moja ni kutahiri watoto wengi kwa kisu kimoja. Ya pili ni kuosha maiti bila ya kuvaa mipira ya mikononi. Hotuba gani ya Geneva ingetaja mwosha maiti? Ila imamu aliitaja, kwa kuwa yeye ndiye aitwaye kuosha.

Kisha likaja suala la kondomu, nalo karibu livunje mradi. Masheikh walikataa katakata mwanzoni, wakisema ni kuwapa watu ruhusa ya uzinifu. Madaktari hawakuwapiga vijembe. Walikaa nao na kuwaonyesha habari za wagonjwa, za mume mwenye virusi na mke asiye navyo, wote ni watu wa nikaha, na wakauliza: hawa nao tuwaambieje? Baada ya majadiliano marefu somo la kondomu likaingizwa, kwa masharti yao na kwa lugha yao, likianza na watu wa ndoa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Ukimwi lilichapisha habari za kazi hiyo mwaka 1998 kama mfano mwema wa kuigwa na nchi nyingine.

Novemba 2001 Kampala hiyo hiyo ikapokea mkutano wa kwanza wa viongozi wa Kiislamu wa nchi mbalimbali juu ya Ukimwi. Mkutano wa pili ulifanyika Kuala Lumpur mwaka 2003, na huko moto uliwaka. Amina Wadud, mwanachuoni wa Kimarekani, alisimama akasema kwamba mafundisho yaliyozoeleka hayana la kumwambia mke mwaminifu, mtiifu, ambaye mumewe ndiye anayemletea maradhi kitandani. Baadhi ya wajumbe walitoka ukumbini. Namna alivyosema iliwaudhi wengi. Lakini zikumbuke zile tarakimu za 2018, wanawake mara mbili ya wanaume, kisha uamue mwenyewe kama swali lake lilijibiwa na wale waliotoka.

Faida kubwa ya njia ya Uganda, kwa maoni yangu, ni bei yake. Imamu hahitaji ofisi wala gari. Vijana huja kwake kila Ijumaa bila ya mtu kuwalipa nauli, jambo ambalo semina yenye soda na fulana haikuliweza siku moja baada ya soda kwisha. Nimetaja hapo juu kwamba fedha za kigeni zimetikisika. Mimbari ya Lindi haikuwa ikilipiwa na Washington.

Hata hivyo, tusiusifu msikiti kupita kiasi. Katika mitaa yetu wasichana wengi huacha madrasa mara wanapovunja ungo, yaani pale pale wanapoanza kuhitaji kuambiwa. Wanaosikia hotuba ya Ijumaa wengi wao ni wanaume. Bila ya ustadha wa kike aliyefunzwa, na bila ya mahali pa wasichana kukaa naye, mpango wote utawafundisha ndugu wa kiume tu. Na jambo la pili: Lindi na Kawangware si za Waislamu peke yao. Kijana wa Kinubi na kijana wa Kijaluo huchota maji kwenye bomba moja na hupendana pia, wazee watake wasitake. Mwishoni mwa mwaka 2001 ugomvi wa kodi baina ya wenye nyumba, wengi wao Wanubi, na wapangaji ulizusha mapigano ya kuua watu hapo Kibera, na makovu yake hayajafutika yote. Mwaka huo huo ndipo lilipoanzishwa shirika la Carolina for Kibera, ambalo liliwakusanya vijana wa vijiji mbalimbali, wa kila kabila, katika mpira wa miguu, na hapo hapo uwanjani likawafunza mambo ya afya. Mwalimu wa madrasa akikubali kuketi na mwalimu wa Jumapili, na wote wawili wakubali kwenda uwanjani, watawapata vijana ambao hawaji kwa mmoja wao.

LA KUFUNDISHWA

Aghalabu mafundisho tunayoyasikia yamesimama katika mwaka 1995: Ukimwi ni kifo, jihadhari. Siyo tena. Mtu mwenye virusi anayemeza dawa zake barabara, mpaka vipimo vya damu visiweze kuviona virusi hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Anaoa, anazaa watoto wazima. Tangu 2017 Kenya inazo dawa za kumeza za kumkinga mtu asiye na virusi, na mwaka 2025 Marekani iliidhinisha sindano iitwayo lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka kwa kazi hiyo hiyo. Vipimo vya kujipima mwenyewe vipo. Sheikh anayefungisha ndoa na kuwaomba maarusi wakapime kwanza anafanya jambo jema, ila na ajue pia la kuwaambia jibu likija kwa mmoja wao, maana kuwaambia tu kwamba nikaha imekufa si lazima tena na wala si ukweli wa kitabibu.

Zaidi ya hayo wapo vijana ambao hakuna hotuba inayowakumbuka. Hao ni waliozaliwa na virusi, wakalelewa na bibi, na sasa wana miaka kumi na saba au ishirini. Kijana wa namna hiyo yuko safuni msikitini, anamsikia khatibu akieleza kwamba maradhi haya ni adhabu ya wazinzi, naye hajamgusa mtu. Wengine huchoka kumeza dawa kwa sababu ya neno kama hilo.

Na kila unapoingia mwezi wa Ramadhani, yeye ndiye mwenye swali zito kuliko wote, nalo ni la fikihi khasa: afunge au ameze dawa? Huogopa kumwuliza imamu kwa kuwa atajifichua, huogopa kumwuliza mwuguzi asiyejua funga ni nini, basi huamua peke yake, na pengine huacha dawa mwezi mzima. Kumbe dawa zinazotumiwa na wengi nchini Kenya siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku. Daktari akimwona mwili wake una nguvu za kufunga, kidonge hicho humezwa usiku, saa ile ile kila siku, baada ya futari au wakati wa daku. Imamu anaweza kulisema hilo katika hotuba ya Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, kwa watu wote, bila ya kumtaja mtu, na halichukui dakika mbili.